Paka wa Mashuani Apotea Ikuti

Jumamosi. Ukungu umekaa migombani tangu alfajiri. Nimeshuka Tukuyu mjini na Shangazi Sekela, na naandika haya kwenye duka la intaneti huku vidole vikiwa bado baridi.

Shangazi ni mpishi kwenye mashua ya matanga inayozungusha watalii visiwani: Unguja, Pemba, Mafia. Sasa mashua inatengenezwa, kwa hiyo amekuja kwetu Ikuti, ninakoishi na Bibi. Amekuja na paka wa mashua, Dagaa. Mwenye mashua alimwambia wazi: bila paka, asirudi kazini.

Dagaa alizaliwa baharini. Tangu nimalize kidato cha nne nachuma chai tu, lakini wiki hii kazi yangu kubwa imekuwa kumtazama. Anatembea ametanua miguu, kama vile sakafu yetu itainama. Akilala, hatulii. Nilitaka kuuliza kwa nini, ila maswali yangu hufia mdomoni.

Jana jioni Shangazi alipokwenda kuoga, Bibi alimfungulia Dagaa mlango. Kwetu paka halali chumbani.

"Paka wa kufungiwa atakamata panya saa ngapi?" Bibi alisema. "Anakula kwenye sahani kama mkwe."

Asubuhi hakuwepo.

Shangazi alikaa kizingitini. "Mama, wewe umemtuma paka kutafuta panya. Mimi sasa nikatafute kazi."

"Atarudi. Paka anajua kwao."

"Kwao kunaelea, Mama. Leo kuko Mafia, kesho Pemba."

Majirani wakaingia migombani wakiita jina lake. Mimi siwezi kupaza sauti mbele za watu. Nikasimama nikiwaza lile neno. Kama kwao kunaelea, basi anachokikosa si mahali. Anakosa kuyumba.

Ikuti kuna nini kinachoyumba?

Nikaenda kwenye banda la kupimia chai. Baada ya mizani ya jioni, kapu kubwa la mizani huachwa likining'inia, na upepo unalisukuma huku na huku. Dagaa alikuwa humo, amejikunja, amelala fofofo.

Sikumwamsha. Kwanza nililisukuma kapu kwa kidole, nione. Alikunja mkia tu.

Nilimrudisha nyumbani nimemfunga kitenge. Bibi alikuwa tayari na kiroba, maana kwetu paka anayehamishwa hutiwa kirobani asiione njia, akaja kutoroka kurudi alikotoka. Shangazi akauliza nilijuaje. Nikamweleza yote, kuanzia miguu hadi kapu. Sidhani kama nimewahi kusema maneno mengi hivyo kwa mara moja.

Akanitazama. "Nahitaji msaidizi jikoni kule mashuani. Nilidhani wewe huwezi kuongea na watu. Utakuja?"

Niliitikia kwa kichwa kabla sijamwangalia Bibi. Nilipomwangalia, alikuwa anakunja kile kiroba, anakikunjua, anakikunja tena.

"Ndaga," alimwambia Shangazi, yaani asante. "Paka mtieni humu. Huyu mwanangu msimtie. Aione njia."

Sijawahi kuona maji yasiyo na ng'ambo. Je, mtu anajifunza kulala juu yake, au mwili unajua wenyewe? Na nikishazoea, sakafu ya Bibi nitaikanyagaje?

Tumekata tiketi za basi la kesho. Nimemwambia mkata tiketi mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwamba nataka kiti cha dirishani.