Milingoti Isiingie Kinyunguni

Baba Yohana, kamwene.

Ni mimi mkeo. Anayeandika ni jirani yetu Mama Tuma, mimi nasema tu, na nimemkataza kunirekebisha. Baridi imeuma mwaka huu, kuku wanalala jikoni. Lakini sikukuitia baridi.

Mwanao kaja juzi toka Makambako na gari zima la miche ya milingoti, hiyo mikaratusi. Anataka kuipanda kinyunguni, kule bondeni tunakolima kiangazi, mpaka kwenye jicho la chemchemi. Nikamwambia, baba yako alisema, "Mlingoti ni mlevi, mpeleke mlimani akatafute pombe mwenyewe." Akacheka. Akasema, "Mama, bonde zima watu wana mbao, sisi tunafuga vyura."

Vyura. Kwa Mama Tuma walipanda, sasa kisima chao ni tope, anachota kwetu. Haya, ananikata jicho, lakini andika, mama, si kweli?

Wewe matete ya pale ulikuwa huyagusi. Majani huchomi, unayafukia kwenye matuta yaoze. Na sabuni, weee. Hata wifi, dada yako mwenyewe, ulimrudisha na beseni lake la nguo kichwani. Alikasirika, chai yangu hakunywa.

Sasa nimefanya hivi. Yohana alipoanza kuisema hiyo milingoti kwenye simu, nikapanda maharage kinyungu chote, baridi haijaisha. Yanaweza kuungua yote kwa baridi, najua. Lakini kwetu chakula alichopanda mama, mtoto hang'oi. Yameshatoka, yana masikio mawili mawili. Kila asubuhi nashuka kuyaangalia.

Kesho anakuja na vibarua. Nimemwambia nyuma ya nyumba kule kilimani pako wazi, apande huko mpaka achoke. Hajajibu. Na Yohana akinyamaza unamjua, hicho kichwa kakitoa kwako.

Mzee wangu, naogopa. Sijawahi kugombana na mtoto mbele ya watu. Kesho nitatangulia bondeni na kigoda changu, nikae pale kwenye jicho la maji. Akiyaheshimu maharage, nitawapikia wote uji. Asipoyaheshimu, jembe la kwanza alipige hapo nilipokaa.

Basi lala, Baba Yohana. Nikiwa hai maji yale mti hauyanywi. Siku nikija huko kwako, utaniuliza habari zake, na mimi nitakujibu nikikutazama usoni.

Mkeo.