Gundi Yangu Kwenye Lori la Mama Robi

Jumapili, Nkende. Manyunyu tangu asubuhi, na baridi ya kumfanya mtu avae koti ndani ya nyumba. Wanaofungua blogu hii wamezoea nikiwafundisha mambo ya injini. Leo sina somo. Leo nina aibu.

Kuna lori la Mama Robi, mfanyabiashara wa nafaka anayekaa Morotonga. Ni kuukuu, lina umri mkubwa kuliko ndoa yangu, na linabeba mahindi kutoka Mugumu kuja Tarime. Dereva wake ni Mwita, mwaka wa tisa sasa. Fundi wake ni mimi.

Jumatano, akiwa na mzigo, Mwita aliona taa ya oili imewaka kwenye dashibodi. Alikuwa amefika Kerende. Akazima injini palepale, akanipigia simu, lori likavutwa hadi gereji kwangu. Mama Robi alifika kabla sijashika hata spana. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akauliza tatizo ni nini.

Sasa, fundi akiulizwa swali hilo mbele ya watu, hawezi kusema "sijui, ngoja nipime." Ataonekana hajui kazi. Ni ugonjwa wetu sote, kuanzia hapa hadi Sirari: jibu kwanza, kipimo baadaye. Nikachomoa kijiti cha oili, nikakipangusa kwenye kitambaa. Oili ilikuwa imejaa vizuri, ila nyeusi.

Nikasema, "Mama, oili imeungua hii. Huyu haangalii oili, anajua kukanyaga mafuta tu."

Oili ya dizeli huwa nyeusi siku mbili tu baada ya kubadilishwa. Najua hivyo. Nimewahi kuliandika hapahapa.

Mwita alinitazama. Mama Robi akanyoosha mkono, akadai ufunguo wa lori, Mwita akampa, naye akaniachia mimi. Mwita akaondoka kwa miguu kuelekea barabarani. Kufika jioni nikasikia kuwa dereva mwingine ameshapatikana, ataanza Jumatatu.

Mimi na Mwita tulitoka jandoni msimu mmoja. Kwetu Wakurya, mwanarika wako humvui nguo mbele ya mtu unayemwamkia shikamoo. Hata akikosea, mnamalizana pembeni. Na Mwita hakuwa amekosea.

Alhamisi ndipo nikafanya kazi niliyopaswa kuifanya kwanza. Nikafungua swichi ya taa ya oili, nikafunga geji ya mkono ya kupima presha mahali pake, nikawasha. Injini ikiwa ya baridi, mshale ulisimama vizuri. Ilipopata moto, ukaanza kushuka. Nikakanyaga mafuta kidogo. Injini iliyokwisha beringi, ukiikanyaga presha hupanda. Hii ilizidi kushuka, maana yake pampu inavuta na oili haiji. Nikafungua filta, nikaikata na kuikunjua nitafute chembe za chuma. Hakuna hata moja. Beringi zilikuwa nzima, kwa hiyo kulikuwa na kitu kimeziba huko chini.

Nilianza kujishuku hapo, kabla hata sijashusha sampu, lile bakuli la oili lililo chini ya injini. Huko chini nimewahi kupita mimi peke yangu.

Ijumaa nikashusha sampu. Chujio la pampu lilikuwa limefunikwa na vipande vya gundi nyekundu, laini kama ngozi ya nyanya iliyochemshwa. Nilivijua. Miezi minne iliyopita sampu ilikuwa inavuja, gasketi imechanika, na mpya ilikuwa ya kuagiza Mwanza. Sikutaka kungoja. Nikapaka gundi, nikapaka tena, kama mtu anayepaka siagi ya jirani. Iliyozidi ilijikamulia ndani, ikakauka, ikawa inakatika kidogo kidogo na kuelea hadi kwenye chujio. Mwita alikuwepo siku ile. Aliniuliza kama gundi haijazidi, nikamwambia yeye ashike usukani, mengine aniachie.

Niliviokota vipande vyote kwa kibano. Nikaangalia nyuma kama kuna anayeniona, kisha nikavitia mfukoni. Mtu mzima, na watoto nyumbani, naficha gundi mfukoni.

Jana nilikata gasketi ya karatasi, nikafunga kila kitu, nikawasha. Mshale ukapanda, ukatulia, hata injini ilipochemka. Mama Robi alikuja kuliona. Nikamwambia chujio lilikuwa limeziba. Akauliza limezibwa na nini, nikasema uchafu. Akasema ni uchafu wa Mwita huo, na kwamba mimi ndiye niliyemwokolea injini.

Nikapokea na shukrani.

Aliyeiokoa injini ile ni Mwita. Wengi wangesukuma hadi Tarime na taa inawaka, wakisema ni swichi tu. Angefanya hivyo, kranki ingeshika, injini ingekufa, na leo tungekuwa tunauza chuma chakavu.

Leo sikwenda kanisani. Nimekwenda kwa Mwita. Nimemkuta kibarazani anakwangua tope kwenye jembe, akanipa kiti. Nimemweleza yote, hadi mambo ya mfukoni. Nilitegemea atanitukana, na nadhani nilikuwa natamani anitukane, nirudi nyumbani mwepesi.

Hakuinua macho. "Mura, mimi nilijua tangu Kerende," akasema. "Asiyejua ni mama."

Akaendelea na jembe lake. Nimerudi na mvua.

Nimekaa hapa nikiandika, nikitafuta namna ya kulisema hili bila kupoteza mteja, bila mafundi wenzangu kunicheka, bila mama yule kukumbuka kila boliti niliyowahi kumfungia. Namna hiyo haipo. Kwa hiyo nimeacha kuandika, nimempigia simu.

Nimemwambia gundi ilikuwa yangu. Nimemwambia oili nyeusi si kosa la mtu, na nililijua hilo wakati naongea. Kisha akauliza, "Mwita alikuwa anajua?" Nikasema alijua. "Na hakukutaja?" Nikasema hakunitaja. Akakata simu.

Imepita kama nusu saa. Ujumbe umeingia kutoka kwa Mwita: "Mama kasema nianze kesho mimi. Nakuja saa kumi na mbili. Lori liko tayari?"

Nimejibu kwamba liko tayari. Nimeandika na "nisamehe," nimeifuta, nimeiandika tena, nimeituma. Imeonekana imesomwa. Hajajibu.

Kesho saa kumi na mbili nitakuwa getini na ufunguo. Najua nitamkabidhi kwa mikono miwili. Kumtazama usoni, hilo bado sijui nitaliwezaje.