Kitufe Kilichokuwa Hakilii

Shoga, nimefanya ujinga. Ujinga mtupu.

Unakikumbuka kile kinanda cha umeme cha marehemu baba, chenye kitufe kimoja kisicholia? Leo nimekifungua, nikasafisha kimpira cha chini ya kitufe kwa pamba na spiriti.

Nikabonyeza. Kikalia! Nikapiga makofi peke yangu sebuleni kama mwehu.

Halafu nikapiga wimbo wake. Si unajua baba akifika pale penye kitufe hicho alikuwa anaitoa hiyo sauti kwa mdomo, "naaa", kisha anaendelea kupiga kama hakuna kilichotokea?

Tangu tumzike, kila nikifika pale kinanda kinaponyamaza, namsikia. "Naaa."

Leo kimelia chenyewe. Vizuri kabisa.

Nimerudia mara tano. Hayupo, shoga. Nimemfuta kwa pamba.