Mlango Unaomtazama Baba Mkwe

Rungwe, Alhamisi jioni, Julai 1974

Na mimi nilikuwa nimesimama pale uwanjani na pima maji mkononi, nikisubiri kusifiwa.

Sisi tuliokosa nafasi ya kidato cha tano tumeletwa huku kujifunza ujenzi kwa vitendo. Katika nyumba ya Ambakisye na mkewe, mlango niliupanga mwenyewe. Niliuelekeza kwenye mlango wa baba yake Ambakisye, ng'ambo ya uwanja, ili ndugu watazamane. Niliona nimebuni jambo kubwa.

Leo wamehamia. Mke aliingia, hakutoka tena. Nikadhani anaifurahia sakafu.

"Mzee amekaa mlangoni kwake," Ambakisye akaniambia kwa upole. "Kwetu Wanyakyusa mkamwana haonani na baba mkwe. Kwani huko kwenu Uhehe hukusikia?"

Sikusikia. Nilikuwa nikiwafundisha wenzangu uwiano wa saruji na mchanga.

Mzee, kwa adabu, aligeuza kigoda chake akautazama ukuta. Nilitamani anitukane.

Kesho mwalimu wetu wa ujenzi anakuja kukagua. Nikifeli nitarudishwa Iringa kwa baba, ambaye ameshatangaza kanisani kwamba mwanawe ni fundi.

Kabla ya giza nilipita nyuma ya nyumba, nikamkuta mke wa Ambakisye anatoka dirishani na ndoo yake. Akanisalimu kwa heshima zote.

"Ahsante, fundi," akasema. "Dirisha umelifanya pana, napita vizuri."

Dirisha hilo nililikosea vipimo. Mchana kutwa nimekuwa nikiwaza namna ya kulificha mwalimu asilione.