Cherehani ya Baba na Mpelelezi wa Darasa la Saba

Jumanne, 16 Septemba 2014

Kudra hajaosha sufuria tena. Amemaliza mtihani wa darasa la saba, basi kutwa kifudifudi mkekani na vile vitabu vyake vya upelelezi. Mfululizo mzima! Kabinti fulani kanakamata majambazi, polisi wazima wanakapigia saluti. Hakapiki, hakafui, hakateki maji. Nani anakalisha? Mwandishi hasemi.

Nimemwambia, toto la baba mdogo wewe, inuka. Kanijibu: "Dada Firdausi, wewe unatazama tu, huoni."

Ngoja.

Ijumaa, 19 Septemba

Cherehani ya Baba imeibwa! Mchana kweupe. Baba yuko msikitini, dukani kabaki Marguerite, fundi wake, yule mama Mkongo wa kambi ya Nyarugusu. Anasema alitoka nyuma kuteka maji, kurudi — meza tupu. Polisi wamembeba. Mkimbizi, tena nje ya kambi, wa nini kuhangaika kumhoji? Kesi imekwisha!

Akawa analia garini: "Papa Mansuri, nitaiba namna gani mashini yenye inanilisha?" Baba akatazama viatu vyake. Ameshona naye tangu nikiwa sekondari — anatazama viatu. Wanaume!

Na Kudra? Kachuchumaa mlangoni anapima nyayo kwa kijiti. Mbele ya soko zima. Aibu nimebeba mimi.

Jumamosi, 20 Septemba

Mpelelezi wetu kamhoji Pasikali, muuza spea za baiskeli, duka linatazamana na letu. Jana Pasikali aliwaambia polisi hakuona mtu. Leo Kudra kamuuliza: hukuona mgeni, au hukuona mtu kabisa? Pasikali kacheka. Mgeni hakuna, Haidari tu alipita na pikipiki kuchukua mzigo, kama kawaida yake.

Kudra kaja mbio. "Haidari tu, dada! Umesikia hiyo *tu*?"

Haidari ni mchumba wangu. Nimemzaba kofi. Hakulia, kajishika shavu, kauliza pikipiki ya Haidari hupeleka mizigo wapi. Kibondo, nani asiyejua? Mjinga sana huyu mtoto.

Jumapili, 21 Septemba

Shangazi kaenda msibani Kibondo. Kudra kang'ang'ania kumfuata. Anafuata pilau la watu.

Jumanne, 23 Septemba

Wamerudi. Kudra kanivuta chumbani.

Cherehani iko sokoni Kibondo. Kaiona kwa fundi mmoja, ile ile ya Baba, na gurudumu lake lile lililovunjika likachomelewa. Fundi anasema kauziwa na kijana wa huku kwetu Kasulu, kaileta imefungwa kwenye kitambaa. Kudra kamwomba kitambaa. Hapo kakitoa mfukoni mwa gauni lake.

Kitambaa cheupe, maua mekundu pembeni. Ua moja limepinda, sindano ilinichoma nikaharakisha. Nilikitarizi mimi. Nilimpa Haidari siku ya Idi.

Nikamwambia vitambaa vinafanana. Huyo fundi mwongo. Vitabu vimekuharibu akili. Kudra kakikunja kitambaa, kaniwekea mkononi. Afadhali angenicheka.

Jumatano, 24 Septemba

Naandika jikoni. Wazee wa Haidari wako sebuleni, wamekuja kupanga siku ya ndoa. Na yeye kaja, kanzu imepigwa pasi, anajibu "naam, mzee" kwa kila mtu. Asubuhi nzima nilimtafutia sababu. Labda alitumwa. Labda kitambaa kiliibwa. Mimi, niliyemcheka Kudra kwa kijiti chake!

Kudra kachuchumaa hapa anachochea moto. "Binti wa kwenye kitabu angesema mbele ya wageni wote," kasema. "Mimi siwezi, dada. Ni mchumba wako." Sikujua huyu mtoto ana huruma.

Huko sebuleni Baba kasema Marguerite anapelekwa mahakamani leo mchana. Sauti yake nzito, kama mtu anayetaka kuambiwa sivyo.

Na Haidari — nimemsikia mwenyewe, mlango uko wazi — kasema, "Mzee, usisikitike. Wakimbizi ndivyo walivyo." Kisha kaomba sukari zaidi.

Sukari!

Nimekiweka kitambaa kifuani, ndani ya blauzi. Mlango wa uani hauna kelele. Polisi si mbali kwa mguu.

Baba anaita tena, chai iko wapi.

Nimemwambia Kudra avae viatu.