Buti la Koplo

Tororo, Jumatano

Dada Nekesa,

Kifua cha Mama kimepoa? Huku nambebea plasta, ule unga mweupe wa kumimina kwenye nyayo, mtaalamu wetu, anayefanya utafiti wa kukamata wezi kwa nyayo zao. Jana tulikwenda Kiyeyi kwa mjane aliyeibiwa cherehani. Tulikuta amesiriba sakafu yote upya kwa mavi ya ng'ombe, haina hata alama ya kuku.

"Wageni wa serikali niwakaribishe kwenye vumbi?" akauliza, akituwekea viazi vitamu na chai ya maziwa.

Mtaalamu nusura alie. Tukazunguka nyuma, na chini ya dirisha lililovunjwa tukapata unyayo mmoja wa buti uliokwisha kukauka tangu siku ya wizi, kisigino kimemeguka upande. Tukamimina plasta, ikakauka vizuri. Buti lenye kisigino kama hicho lilikuwa ndani, mguuni mwa koplo anayetulinda, akila viazi. Njiani alikuwa ametuambia hajawahi kufika kwa mjane huyo.

Mtaalamu ameandika kwamba plasta haifai kwa udongo wa huku. Kesho koplo anatulinda tena.

Msalimie Mama sana, na cherehani yako uilaze chumbani.

Mdogo wako,
Wafula