Waya Chini ya Zulia

Mzee wangu Hamadi,

Nimekaa kwenye stuli yako hapa karakanani Buyenzi na ninakuandikia nikiwa na hasira, kwa hiyo salamu zangu ni fupi. Arobaini yako tumeisoma. Watu walikuja, wali ulitosha, na jirani yako fundi wa radieta alilia kuliko wanao wa kuzaa. Hayo ndiyo mazuri. Yaliyobaki yananitia kichefuchefu, na baya kuliko yote nimelifanya mimi, Zaina, uliyenifundisha kushika koleo.

Ule ukumbi wa sayansi wa watoto, tulioujaza kwa miaka ya kuokota vyuma, wewe ulikataa katakata uitwe makumbusho. "Makumbusho ni ya vitu vilishakufa," ulisema. "Huku mutoto anashika." Na kweli walishika. Kulikuwa na kiti cha puli, ambacho kamba zake uliziomba kwa wabeba mizigo wa bandarini, mtoto mwembamba akivuta anamwinua mwalimu wake mnene mpaka miguu inaning'inia. Kulikuwa na sanduku la udongo wa Gatumba, uliouleta mwenyewe kwenye magunia baada ya maji ya ziwa kufurika na kukutoa nyumbani kwako kule. Watoto walijenga vijumba, wakamwaga maji, wakaona kipi kinabaki na kipi kinakwenda. Siku moja nilikukuta peke yako unajenga chako. Nilirudi nyuma, sikukuambia nimeona.

Basi ule udongo umetupwa. Mkurugenzi mpya amesema unanuka. Mahali pake ameweka ziwa la plasta, limepakwa rangi ya buluu, liko ndani ya kioo, na juu yake kibao: Usiguse. Kiti cha puli kimezungushiwa utepe mwekundu. Yeye mwenyewe anasimama mlangoni na chupa ya dawa, anapulizia mikono ya watoto wa mtaa wa Kinama mmoja mmoja, halafu wakipita anafuta kila walichokigusa, pua ameikunja kama mtu aliyekanyaga kinyesi. Nilikuwa nikimtazama natamani nimtapikie viatuni.

Wewe kila jioni kabla ya kufunga karakana ulitupanga mlangoni sisi wanafunzi wako tukunyooshee mikono. Aliyekuwa nayo misafi ulimwuliza, "Hii mikono imeshinda wapi leo?" Naye anarudi ndani kufagia. Miaka yote hiyo mimi sikuwahi kufagia.

Sasa nifike kwenye baiskeli.

Uliifunga alternata ya gari bovu, ile inayozalisha umeme mtu akikanyaga, na taa tatu. Taa ya kwanza ilitaka pumzi kidogo tu. Ya pili ilitaka jasho. Ya tatu ilimtii mtu mmoja tu, mbeba mizigo wa bandarini, naye alishuka akakaa chini sakafuni akiomba maji. Walimu walikubembeleza uilegeze na wewe ukawa mgumu. "Ikiwaka ya bure, watakuwa wamejifunza nini?"

Wiki tatu zilizopita mkurugenzi aliniita. Wageni wanakuja, watu wakubwa, haifai watoke jasho ndani ya suti. Nifanye taa zote ziwake. Mdomo wa kukataa nilikuwa nao, Mzee. Lakini alisema kama siwezi ataita fundi mwingine, nami nikajiambia kwamba afadhali mikono yangu kuliko ya mgeni kwenye vitu vyako. Ndivyo nilivyojidanganya. Nilichomoa alternata, nikapitisha waya kutoka ukutani chini ya zulia, nikaficha swichi chini ya siti. Mtu akikaa tu, taa zote tatu zinawaka. Ilikuwa kazi safi. Hata wewe usingeuona ule waya.

Siku ikafika. Mgeni mkubwa kuliko wote akapanda, akakanyaga polepole kama anabembeleza mtoto, taa zikawaka, makofi yakapigwa. Hapo hapo umeme wa mtaa ukakatika. Taa zikazima, naye bado anakanyaga.

Unajua walifanya nini? Walicheka. Mkurugenzi akaomba radhi, akasema umeme wetu si mnaujua, wakaenda zao kwenye vinywaji. Ukumbi mzima wa watu wazima waliosoma, na hakuna aliyeshangaa kwamba baiskeli imekatikiwa umeme.

Aliyeshangaa ni msichana mmoja kati ya wanafunzi wa shule ya Carama walioletwa kuwaimbia wageni. Aliionyesha baiskeli kwa kidole, akasema kwa sauti, "Mi sielewi. Umeme ya hii velo si inatoka mu miguu?" Mwalimu wake akamwambia anyamaze. Yeye akanigeukia mimi, kwa kuwa ndimi niliyevaa koti la kazi. Alinisubiri nimjibu. Nikatazama chini, nikaiona mikono yangu. Ilikuwa imepuliziwa dawa, ilikuwa misafi kabisa, na kinyaa chote nilichokuwa nacho kwa mkurugenzi kikanirudia mwenyewe. Sijapata kujichukia namna ile.

Jana asubuhi nilikwenda ukumbini na koleo lako. Nilivuta ule waya, nikaukata, nikarudisha alternata mahali pake, kisha nikapanda. Taa ya kwanza ikawaka. Ya pili ikawaka nikihema. Ya tatu imenishinda. Mkurugenzi alinikuta juu ya siti, akanifukuza papo hapo, akasema ataita huyo fundi wake. Na amwite. Waya nimeondoka nao, uko hapa mezani karibu na miwani yako.

Jumatatu ninakwenda Carama, shuleni kwao. Nimeshafunga alternata nyingine kwenye fremu ile kuukuu ya baiskeli uliyokuwa ukikataa kuiuza, na magunia mawili ya udongo nimeyaagiza Gatumba. Lakini kabla sijashusha chochote nitamtafuta yule msichana, na mbele ya mwalimu wake nitamwonyesha waya na kumwambia kwamba swali lake lilikuwa sawa, na kwamba aliyeufunga waya huu ni mimi. Hilo ndilo ninaloliogopa, na ndilo ninalokuahidi.

Mungu akulaze pema, Mzee wangu. Nikitoka Carama nitapitia kaburini kwako nikunyooshee mikono. Sitanawa kwanza.

Zaina wako